Kutunza Meno Katika Nchi ya Chai

Katika milima ya Kericho na Bomet ni shida kuipata nyumba isiyopikwa chai. Makampuni makubwa yalianza kupanda mashamba huko katika miaka ya 1920, na baadaye, karibu na mwaka 1960, wakulima wadogo nao wakaanza kupanda michai yao wenyewe. Tangu hapo jani hilo limekuwa riziki ya maelfu ya watu. Chai ndiyo humkaribisha mgeni, ndiyo humtoa mchumaji nyumbani kabla ya jua kupanda, na ndiyo hunywewa jioni kazi ikiisha. Lakini mara nyingi husikika watu wakisema kwamba chai ndiyo iliyowaharibia meno. Yafaa kila msomaji afahamu kwamba jani la chai halina hatia hiyo. Mwenye hatia ni yule atiwaye kikombeni pamoja nalo, yaani sukari. Tena yafaa afahamu kwamba kila mtu, awe tajiri au maskini, aweza kuyalinda meno yake na ufizi wake kwa gharama ndogo sana.

JINSI JINO LIOZAVYO

Mtu mzima ana meno 32, na mtoto mdogo ana 20. Kila jino limefunikwa nje kwa gamba jeupe lililo gumu kuliko mfupa wo wote wa mwili. Chini ya gamba hilo kuna sehemu iliyo laini zaidi, na katikati kabisa kuna kiini chenye damu na mishipa ya fahamu. Gamba halina uhai wa kujiponya kama ngozi ijiponyavyo ikikatwa. Likiisha kutoboka, halifungi tena lenyewe.

Zamani watu wa mataifa mengi walisadiki kwamba jino hutobolewa na funza, na hata leo wako wasadikio hivyo. Hakuna funza. Mwaka 1683 Mholanzi mmoja, Antonie van Leeuwenhoek, alikwangua ukoga wa meno yake, akautazama kwa kioo cha kukuzia vitu, akaona vijidudu vidogo mno vikienda huku na huku. Baadaye Mmarekani aitwaye Miller, aliyefanya kazi katika mji wa Berlin, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1890 kwamba vijidudu vya kinywani hula sukari na unga uliobaki katika meno, kisha hutoa asidi, na asidi hiyo ndiyo ilayo gamba la jino kidogo kidogo.

Mambo matatu basi hushirikiana: ukoga ambamo vijidudu hukaa, sukari iliyo chakula chao, na muda. Mtu akinywa kitu kitamu, asidi hutokea katika dakika chache, na mate huhitaji kama nusu saa au zaidi kuiondoa. Baada ya hapo mate huanza kulitengeneza gamba lililodhoofika. Lakini akinywa tena kabla ya mate kumaliza kazi yake, asidi huanza upya. Kwa hiyo hesabu ya nyakati ni kubwa kama hesabu ya vijiko. Yule anywaye chai tamu pamoja na chakula, akaishia hapo, huyapa meno yake nafasi ya kupumzika. Yule abebaye chupa ya chai tamu shambani, akawa anameza kidogo kidogo tangu asubuhi hadi alasiri, meno yake hukaa ndani ya asidi kutwa nzima.

CHAI NA SUKARI

Mchai hunyonya kutoka katika udongo kitu kiitwacho floraidi, na kuiweka katika majani yake. Kidogo chake huingia kikombeni, na floraidi kwa kiasi kidogo hulitia gamba la jino nguvu ya kupigana na asidi. Kweli chai huweza kuyatia meno rangi, lakini rangi hiyo si kuoza.

Sasa tutazame sukari. Mwaka 1930 au 1940 nyumba nyingi za Wakipsigis zilikuwa bado zikila wimbi, maziwa, mboga na nyama, na asali haikuwa kitu cha kulamba kila saa. Leo ni kawaida mtu kutia vijiko vitatu katika kikombe kimoja. Akinywa vikombe vinne kwa siku, amekwisha kula vijiko kumi na viwili kabla ya kuonja mandazi wala soda. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu zote za chakula cha mtu, nayo kwa mtu mzima ni kama vijiko kumi na viwili. Tena likasema ni bora zaidi isipite nusu ya hapo. Mtu huyo amefika kwenye mpaka kwa chai peke yake, na chupa moja ndogo ya soda huongeza vijiko saba au vinane.

Hatusemi watu waache chai. Tunasema wapunguze kijiko kimoja mwezi huu, na kingine mwezi ujao, maana ulimi huzoea upesi. Tena wainywe pamoja na chakula, na kiu ya katikati ya kazi waikate kwa maji safi.

UFIZI

Kila mama wa Kipsigis ajua kwamba kibuyu cha mursik hakitiwi maziwa mapya kabla ya kuoshwa na kusuguliwa ndani kwa sosiot, ule ufito wa mkindu, na kupakwa makaa ya mti wa senetwet. Kibuyu kisichosuguliwa huharibu maziwa, hata kama ng'ombe ni mzuri namna gani. Kinywa nacho ni vivyo hivyo, lakini wengi wakitunzao kibuyu kila siku hukisahau kinywa.

Ukoga usiposuguliwa huwa mgumu kama jiwe, hasa pale jino linapokutana na ufizi. Ufizi huvimba, huwa mwekundu, na hutoka damu unapoguswa na mswaki. Hapo watu wengi hukosea: wakiona damu huacha kupiga mswaki mahali pale, wakidhani wameumia. Damu hiyo ni dalili ya ukoga, na dawa yake ni kuendelea kusugua pale pale, polepole lakini kila siku. Mara nyingi hukoma baada ya wiki moja au mbili. Isipokoma, yapasa kwenda kwa mganga wa meno akaondoe ule ukoga mgumu kwa vyombo vyake.

Ugonjwa wa ufizi ukiachwa, hula mfupa ulioshika mizizi ya meno, na meno mazima yasiyo na tundu hata moja huanza kutikisika na kung'oka. Wavutao tumbaku na wenye ugonjwa wa kisukari hupatwa zaidi. Akina mama wajawazito nao ufizi wao huvimba kwa urahisi, kwa hiyo wazidi kuutunza. Uchunguzi wa afya ya kinywa uliofanywa katika Kenya mwaka 2015 ulionyesha kwamba ufizi wa watu wazima walio wengi sana hutoka damu, na kwamba yapata mtu mzima mmoja katika kila watatu ana jino lililooza.

KUPIGA MSWAKI

Piga mswaki mara mbili kwa siku, na kila mara uchukue dakika mbili. Ikiwa huwezi ila mara moja, basi iwe usiku kabla ya kulala, kwa kuwa usingizini mate hupungua na vijidudu hupata nafasi. Usisugue kwa nguvu kama asuguaye sufuria. Uzungushe mswaki kidogo kidogo penye mpaka wa jino na ufizi, nje na ndani, kisha sehemu ya kutafunia ya magego. Tumia dawa ya meno yenye floraidi. Ukimaliza, tema povu, wala usisukutue kwa maji mengi, ili floraidi ibaki katika meno.

Asiye na mswaki wa dukani na autumie wa mti, maana ndio mswaki wa asili. Mti wenyewe uitwao mswaki, uotao katika nchi kavu za chini, umesifiwa na waganga wengi. Kata kijiti kibichi cha mti usio na sumu, tafuna ncha mpaka iwe nyuzi laini, usugue kila jino, na ukate ncha mpya mara kwa mara. Wapigao mswaki wa mti wakumbuke upande wa ndani na magego ya nyuma, kwani ndipo pasahaulikapo. Lakini mchanga na makaa visitumiwe. Makaa yafaayo kibuyu hayafai meno, kwa sababu hukwangua gamba, na gamba halirudi.

Wako watu wenye madoa ya kahawia tangu utoto, hasa waliokulia katika Bonde la Ufa, pande za Nakuru na Naivasha, ambako maji ya visima vingi yana floraidi nyingi kupita kiasi. Madoa hayo si uchafu, wala hayatoki kwa kusuguliwa. Mtu asichekwe kwa ajili yake.

MENO YA WATOTO

Husemwa kwamba meno ya utoto hayana maana kwa kuwa yatang'oka. Lakini jino la utoto huwekea jino la ukubwa nafasi yake, na mtoto mwenye maumivu hali, halali, wala hasomi vizuri. Usimlaze mtoto na chupa ya chai tamu mdomoni, maana utamu huo huyaosha meno yake usiku kucha. Anza kumpiga mswaki jino la kwanza litokeapo, kwa dawa ya meno kiasi cha punje ya mchele; afikapo miaka mitatu, kiasi cha punje ya njegere. Umsaidie mpaka afike miaka saba au minane.

Mtoto afikapo kama miaka sita, gego jipya huota nyuma ya meno yote ya utoto, bila jino lo lote kung'oka. Wazazi wengi hulidhania kuwa la utoto, wakaliacha lioze. Hilo ni jino la maisha yake yote.

Liko jambo jingine ambalo hatuna budi kulisema wazi. Katika sehemu mbalimbali za Afrika ya Mashariki, mtoto mchanga akiharisha au akiwa na homa, wako wasemao kwamba ana meno ya plastiki, nao humchimbua ufizi kwa msumari au kisu. Wanachokitoa ni mbegu za meno yake halisi. Mtoto huweza kufa kwa kutokwa damu, au kwa pepopunda, au kwa ule ugonjwa wa kwanza ambao haukutibiwa. Mtoto aharishaye apewe maji ya chumvi na sukari yatolewayo zahanati, tena apelekwe huko upesi.

USINGOJE MAUMIVU

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Tundu dogo huzibwa kwa kazi ya muda mfupi. Likiachwa mpaka lifike kwenye kiini, mtu hukesha kwa maumivu, na mchumaji alipwaye kwa kilo hupoteza siku zake za kazi, kisha hulipa zaidi au hung'olewa jino. Wengine hutia mafuta ya taa, tumbaku, au hata maji ya betri. Vitu hivyo huunguza ufizi na haviponyi cho chote. Tena maumivu yakikoma yenyewe, usifurahi upesi. Huenda kiini kimekufa, na usaha unakusanyika chini ya mzizi.

Mtu akivimba shavu au shingo, akapata homa, akashindwa kufungua kinywa, kumeza au kupumua vizuri, apelekwe hospitali siku ile ile. Uvimbe wa jino huweza kuziba njia ya pumzi na kuua. Hospitali kubwa kama ya Kericho na ya Tenwek zina waganga wa meno. Na aliye mbali aanzie zahanati ya karibu, aelekezwe. Asiye na maumivu naye afanye desturi ya kuangaliwa meno yake mara moja kwa mwaka.

Basi kazi yenyewe si kubwa. Punguza kijiko katika kikombe; inywe chai pamoja na chakula; piga mswaki asubuhi na usiku; mwangalie mtoto nyuma ya meno yake afikapo miaka sita; na uzibe tundu likiwa dogo. Nyumba ifanyayo hayo itaendelea kuifurahia chai yake, na watoto wake watakua na meno ya kutafunia mahindi ya kuchoma mpaka uzee wao.