Siku 90 ambazo mwenye gari hakuambiwa

Sehemu ya Sita ya Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inahusu ukarabati wa magari. Wenye magari wengi nchini Kenya hawajawahi kuisikia, na sidhani kama inatajwa mara nyingi kwenye gereji za Kirinyaga Road jijini Nairobi. Inasikitisha, kwa kuwa mambo inayoyazungumzia ni yale yale yanayozua kelele gerejini kila wiki: bei iliyopanda katikati ya kazi, spea ya zamani iliyotoweka, gari lililotengenezwa Jumamosi likazimika Jumatano.

Kwa mujibu wa sheria hiyo, fundi hawezi kukudai pesa za kazi ambayo hakukupa makadirio yake, isipokuwa wewe mwenyewe ulikataa kupewa ukamtajia kiwango cha juu kabisa cha kutumia. Akishakadiria, bili haifai kupita makadirio hayo kwa zaidi ya asilimia 10. Spea alizozitoa anapaswa kukurudishia, kama hukumwambia mapema kwamba huzihitaji. Kisha linakuja jambo zito zaidi: spea mpya, au iliyofanyiwa ukarabati, pamoja na ufundi wa kuifunga, ina dhamana ya angalau siku 90 au kilomita 5,000, kutegemea kitakachotangulia. Dhamana hiyo huiombi wala huinunui. Ipo tangu fundi alipofunga boneti.

Mbona basi haimsaidii mtu? Kwa sababu ugomvi wa gerejini huzimwa na maneno machache tu: "Mkubwa, hiyo ni shida nyingine."

Chukua gari linalochemka, balaa linalowapata wengi wanaopanda na kushuka barabara ya Mombasa. Mara nyingi fundi huanza kwa kutoa thamostati, kipande kidogo kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate joto lake la kazi. Kuna imani iliyokita mizizi kwamba katika nchi za joto kipande hicho hakina kazi. Si kweli. Kikitolewa, injini huchelewa kupata joto, kompyuta yake huendelea kuimiminia mafuta kama ya asubuhi, na mwenye gari huanza kushangaa petroli inakokwenda. Chanzo cha kuchemka nacho hakijaguswa: rejeta imeziba, feni haizunguki inavyopaswa, au pampu ya maji imechoka.

Siku moja gasketi ya silinda hedi inaungua. Maji yanaingia kwenye oili, oili inageuka rangi ya chai ya maziwa, gari linavutwa hadi gerejini. Fundi anafunga gasketi mpya. Kama hedi ilipinda kwa joto na haikupelekwa kusuguliwa kwa mashine hadi uso wake ukanyooka, gasketi hiyo mpya haitakaa. Na hata ikisuguliwa vizuri, rejeta ile ile iliyoziba bado ipo mbele ya injini. Wiki tatu baadaye gari linachemka tena. Mwenye gari anasema kazi ni mbovu. Fundi anasema gasketi aliifunga sawasawa, tatizo sasa ni rejeta, na rejeta hakuambiwa aishughulikie.

Hapa ndipo mwenye gari anaposhindwa, na kushindwa kwenyewe kulianza siku alipoleta gari. Alisema, au aliacha fundi aseme, "badilisha gasketi." Kama karatasi ya makadirio imeandikwa hivyo, fundi ametimiza alichoagizwa. Lakini kama imeandikwa "gari linachemka likipanda mlima, tafuta chanzo, kiondoe," basi gari likichemka tena kabla ya siku 90 hoja ya shida nyingine haina pa kusimama. Gerejini tunapaswa kuandikisha ugonjwa, si dawa. Hili naliona kubwa kuliko vifungu vyote nilivyovitaja, maana halihitaji wakili wala pesa. Linahitaji kalamu, au ujumbe wa WhatsApp unaomtumia fundi kabla hajashika spana, naye akajibu.

Ujumbe wa M-Pesa peke yake hautoshi. Unathibitisha kwamba pesa zilitoka kwako zikamfikia fulani saa fulani. Hausemi zilikuwa za nini. Ongeza basi maneno machache: gari gani, namba gani, mita ya kilomita inasoma ngapi, spea gani imefungwa na ni ya aina ipi. Bila usomaji wa mita, zile kilomita 5,000 zitahesabiwa kuanzia wapi?

Aina ya spea nayo ina uzito wake. Dhamana hiyo ya kisheria imezitaja spea mpya na zilizokarabatiwa. Injini au gia boksi iliyotolewa kwenye gari kuukuu huko Japani na kuletwa kama ilivyo ni habari nyingine, na ndiyo wengi wetu tunayoinunua kwa sababu ya bei. Muuzaji huahidi kwa mdomo kwamba ikisumbua utairudisha. Ahadi hiyo iandikwe kwenye risiti pamoja na namba ya injini, la sivyo utakaporudi nayo ataiangalia na kusema si yake.

Kwa aliyenunua gari zima kutoka yadi na kuambiwa kwamba likitoka getini halirudi, Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtumiaji haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa. Gari lenye umri wa miaka saba halitarajiwi kuwa kama jipya, na hakuna hakimu atakayekufidia kwa bushi zilizochakaa. Kuficha kwamba gia boksi imekufa ni jambo tofauti kabisa.

Maelewano yakishindikana, tangu 2021 Wakenya wana Mahakama ya Madai Madogo. Inasikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, mlalamishi anaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Bili nyingi za gereji zinaingia humo zikabaki na nafasi. Kabla ya kufika huko, mwandikie fundi barua ya madai ukimpa muda wa kurekebisha, na umtafute fundi wa pili alikague gari na kuandika alichokikuta kabla hajafungua chochote. Gari likishafunguliwa na mikono mingine, ni vigumu sana kuonyesha nani aliharibu nini.

Mafundi wengi huogopa karatasi hizi, wakiamini ni mtego wa mteja. Naelewa hofu hiyo, lakini fundi mwaminifu ndiye anayezihitaji zaidi. Ni mara ngapi amemwambia mwenye gari kwamba rejeta lazima ibadilishwe, akajibiwa "funga tu hiyo gasketi, nyingine mwezi ujao"? Mwezi ujao gari linachemka na lawama zote ni zake. Makadirio yaliyoandikwa "rejeta imeziba, ibadilishwe," na pembeni jibu la mteja kwamba hakukubali, yangemwondolea kesi nzima.