Miezi Kumi ya Kungoja Barua

Mke wa askari mmoja, muuguzi mwenye cheti, alipeleka maombi yake ya kazi mwezi Machi katika wilaya moja ya Uganda. Fomu zilikuwa nakala tatu, pamoja na picha na vyeti vilivyothibitishwa. Karani wa Tume ya Utumishi ya Wilaya alizipokea, akasema, "Utaitwa, mama." Akarudi kambini akiwa na furaha. Wito ulitoka Novemba.

Miezi minane si michache kwa nyumba yenye mshahara mmoja. Alikaanga mandazi alfajiri, akashika zamu za malipo ya siku katika zahanati ya mtu binafsi, na mara tatu akapanda gari kwenda makao makuu ya wilaya kuulizia faili lake. Nauli hizo zilitoka katika fedha za karo.

Jirani zake walisema faili limekaliwa na mtu. Mambo hayo yapo, wala hakuna haja ya kuyakana. Lakini aghalabu faili hukwama mahali ambapo mwombaji hapaoni. Katiba ya mwaka 1995 iliipa kila wilaya tume yake ya kuajiri. Tume hiyo haitangazi nafasi mpaka Ofisa Tawala Mkuu wa wilaya aipelekee taarifa kwamba nafasi iko wazi, na mpaka ithibitike kwamba fedha za mshahara zimo katika bajeti, ambayo mwaka wake huanza tarehe 1 Julai. Zaidi ya hayo, wajumbe wa tume huhudumu kwa miaka minne. Muda wao ukiisha, majina mapya hupitia baraza la wilaya, kisha hungoja idhini ya Tume ya Utumishi wa Umma iliyoko Kampala. Hapo kazi yote husimama, hata kama wodi haina muuguzi wa usiku. Wajumbe wa wilaya ile walimaliza muda wao mwezi Mei.

Katika kungoja huko, mumewe alihamishwa, na familia ikahama pamoja naye. Katika fomu ilikuwamo nambari ya simu ya mume peke yake, naye alikuwa mafunzoni, simu imezimwa. Majina ya walioitwa yalibandikwa ubaoni. Kama si mke wa polisi, jirani yake wa zamani, aliyepita pale kwa shughuli zake akalisoma jina lile, mahojiano yangempita.

Alifaulu. Safari hii hakuondoka hivi hivi: alimwandikia katibu wa tume anwani mpya na nambari mbili za simu, akabaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Barua ya kuajiriwa ilifika Januari.

Usiku ule mumewe alipiga simu. "Mama watoto, tutaishije, wewe huko na mimi huku?"

"Baba watoto, nimengoja miezi kumi. Barua hii siirudishi."

Jumatatu aliripoti katika kituo cha afya, mtoto mchanga mgongoni. Wakubwa wawili walibaki kwa bibi yao. Mwisho wa mwezi jina lake lilikuwa bado halijaingia katika orodha ya mishahara, basi akaagiza tena unga wa mandazi.