Mdoli wa Mtoto: Usiuchome, Utengeneze

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unashughulikia jambo ambalo baadhi yenu mtaliona dogo. Tunataka kuzungumza juu ya ule mdoli wa kitambaa, au yule dubu wa manyoya wa mitumba, ambao umechakaa, umepoteza jicho, unatoa pamba mgongoni, na bado mtoto hataki kulala bila huo. Hapa Igawa, pamoja na vumbi la kiangazi na magari ya barabara kuu ya kwenda Zambia, mdoli wa namna hiyo hauchukui muda kuwa na rangi ya udongo. Mama akiuona mkononi mwa mtoto mgonjwa hutuuliza: "Nesi, si huu ndio unaomletea upele? Niuchome?" Jibu letu ni kwamba karibu kila mara hakuna haja ya kuuchoma. Unaweza kusafishwa na kushonwa, na kufanya hivyo ni sehemu ya matunzo ya mtoto.

KWA NINI MTOTO HUNG'ANG'ANIA MDOLI MMOJA

Mwaka 1951 daktari wa watoto wa Uingereza, Donald Winnicott, alieleza kwamba mtoto mchanga akianza kutambua kuwa yeye na mama yake ni watu wawili, hujichagulia kitu kimoja laini cha kumsaidia kuvumilia mama anapokuwa mbali. Chaweza kuwa blanketi, kipande cha kanga au mdoli. Aliona pia kwamba mama huacha kitu hicho kichafuke, maana anajua kuwa harufu yake ikiondoka ghafla mtoto hukiona kama kitu kigeni. Mwaka 1952 James Robertson alionyesha huko London filamu ya msichana wa miaka miwili aliyelazwa siku nane bila mama yake kukaa naye. Kitulizo chake kilikuwa dubu wake na blanketi lake. Filamu hiyo ilisaidia kuwafungulia wazazi milango ya wodi za watoto.

Kwetu sisi ni desturi mama kulala wodini na mtoto wake. Lakini si kila mtoto ana mama wa kulala naye. Nyanda za Juu Kusini zimeumizwa sana na UKIMWI; mkoa jirani wa Njombe ulikuwa na kiwango cha juu cha maambukizi kuliko mikoa yote nchini katika uchunguzi wa kitaifa wa 2016-2017, na tena ule wa 2022-2023. Wako watoto wanaolelewa na bibi, ambao mdoli wao ulishonwa na marehemu mama kwa mabaki ya kitenge chake. Kwa mtoto wa namna hiyo mdoli ndio urithi. Kuuchoma siku ya kugawa vitu vya marehemu ni kumfiwisha mara ya pili.

JE, MDOLI HUAMBUKIZA?

Virusi vya UKIMWI haviambukizwi kwa nguo wala kwa mdoli. Kifua kikuu huenezwa kwa hewa, mgonjwa anapokohoa. Hakikai kwenye kitambaa kikimngojea mtoto. Kwa hiyo hofu hizo mbili tuziweke kando.

Yako mengine ambayo ni ya kweli. Mdudu wa upele akiwa nje ya mwili wa mtu kwa kawaida hafikishi zaidi ya siku 2 hadi 3. Chawa wa kichwani hufa ndani ya siku 1 hadi 2. Basi mdoli ukifungiwa kwa wiki nzima ndani ya ndoo yenye kifuniko kinachobana, wadudu hao watakuwa wamekufa. Lakini kumbukeni kwamba upele hutoka zaidi kwa kugusana ngozi kwa ngozi. Nyumba nzima isipotibiwa siku moja, upele utarudi hata kama midoli yote imechomwa.

Mashilingi ya kichwani ni tofauti, kwa sababu mbegu zake huweza kukaa miezi mingi kwenye kitambaa. Hapo mdoli uoshwe kwa maji ya moto. Kunguni nao hujificha kwenye mishono na huishi muda mrefu bila kula, kwa hiyo kuufungia mdoli wiki moja hakutoshi: toa pamba yote uichome, na ngozi ya mdoli uioshe kwa maji ya moto. Na mtoto mwenye pumu huweza kusumbuliwa na vijidudu vidogo vya vumbi vinavyokaa katika pamba ya zamani. Wa kwake uoshwe mara kwa mara.

Hali moja tu haifuati maelezo haya. Palipo na homa kali ya kutoka damu, kama Marburg iliyotokea mkoani Kagera mwaka 2023 na tena 2025, msiguse vitu vya mgonjwa wala vya marehemu. Waachieni wahudumu wa afya.

NAMNA YA KUTENGENEZA

Kwanza, mwambie mtoto. Usiuchukue akiwa amelala. Mwambie kwamba mdoli unakwenda kutibiwa na utarudi, na mwache akae karibu akushikie uzi. Ukiwezekana, fanya asubuhi ya jua kali ili urudi kabla ya usiku; ukichelewa kukauka, mwonyeshe ulipo. Tulipata kumwuguza msichana mdogo aliyeletwa na bibi yake. Bibi alitaka kuushonea mdoli mkono mpya, ulingane na mwenzake. Mtoto alikataa, akasema ule mfupi ndio alioushona mama. Bibi aliuacha mfupi, akaziba tundu tu. Alifanya vyema. Uso na umbo visibadilishwe bila ruhusa ya mwenyewe.

Pili, fumua mshono wa mgongoni, urefu wa vidole vitatu au vinne, utoe vilivyomo. Pamba iliyooza, yenye ukungu au wadudu ichomwe.

Tatu, gusisha kitambaa cheupe kilicholowa mahali palipojificha uone kama rangi inatoka. Mdoli wa pamba usiotoa rangi waweza kuoshwa kwa maji ya moto kabisa. Kitenge kinachochuja rangi, na manyoya ya kiwandani, vioshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya kufulia, kwa kukandamiza kwa viganja bila kusugua wala kukamua kwa kusokota. Suuza mpaka povu liishe.

Nne, anika juu ya kamba kwenye jua, kamwe si kwenye majani wala kivulini. Yuko nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi, na funza wake huingia kwenye ngozi ya mtu na kufanya jipu. Kitambaa kipigwe pasi pande zote, hasa kwenye mishono. Manyoya ya kiwandani huyeyuka kwa pasi, kwa hiyo yakaushwe kabisa kabla ya kujazwa.

Tano, ziba matundu. Kitambaa kilichochoka kisivutwe kwa uzi, kitachanika zaidi. Weka kitambaa kipya kwa ndani kiwe mgongo wake, kisha kishikize cha zamani juu yake kwa mishono midogo. Hivyo kitenge cha mama kinabaki mahali pake.

Sita, jaza sufi, pamba safi, au mabaki ya vitambaa kutoka kwa fundi cherehani, yakikatwa vipande vidogo. Anza na miguu na mikono, malizia tumbo. Usijaze mpunga, mahindi wala maharage. Huvutia panya na fukusi, na punje zikitoka mtoto huweza kuzivuta puani au kwenye koo. Sufi hushika moto upesi, basi mdoli ukae mbali na koroboi na jiko. Funga mgongo kwa uzi imara, na uhesabu sindano zako kabla hujamrudishia mtoto.

HATARI ZA KUANGALIA

Mtoto wa chini ya miaka 3 asipewe mdoli wenye macho ya vifungo au shanga, kwa kuwa yaking'oka humpalia. Yatoe, ushone macho ya uzi. Mdoli unaoimba una betri. Ile ndogo ya duara mfano wa sarafu ikimezwa huweza kuunguza koo la chakula ndani ya saa 2. Mtoto akiimeza, au mkishuku tu, mwahisheni hospitali saa hiyo hiyo, wala msimtapishe. Na mtoto wa chini ya mwaka 1 asilazwe na mdoli, kwani waweza kumziba pumzi. Aucheze akiwa macho, mbele ya mtu mzima.

MKIJA HOSPITALI

Mtoto anapoletwa kulazwa, mleteni na mdoli wake, ukiwa umeoshwa kama muda upo. Huko Ujerumani na nchi nyingine za Ulaya wanafunzi wa udaktari huwaalika watoto walete midoli yao "iliyougua" ipimwe na kufungwa bandeji, ili wazoee hospitali bila hofu. Nasi tunaweza kufanya hivyo bila gharama: tukiufunga mdoli bandeji kwanza, mara nyingi mtoto hunyoosha mkono wake bila kushikiliwa na watu watatu.

Basi akina mama, akina baba, na ninyi mabibi mnaolea wajukuu, kabla ya kuwasha kiberiti tafuteni sindano na uzi. Na kama mnashuku ugonjwa wowote, mleteni mtoto apimwe, na mdoli wake pia tutauangalia.