Kidonge cha Usiku

Kilichonishika Magomeni, hapa Kilosa, ni kibahasha cha khaki kilichofungwa kwenye pindo la kanga. Bibi alikifungua taratibu. Kwa wino wa bluu kimeandikwa: "Amitriptyline 25 mg, 1x1 usiku." Vidonge vyote vimo, hajameza hata kimoja. Ana kisukari, na kila akijilaza miguu inawaka moto mpaka alfajiri. Lakini mwanawe alisoma kwenye simu kwamba ni dawa ya sonona. Bibi akakifunga tena: kumbe wamemwona wa kupelekwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili!

Tabibu mmoja mwenye kuandika dawa hiyo miaka mingi, aliyeomba nisimtaje, hakushangaa. Simu haikudanganya, alisema. Amitriptilini iliidhinishwa Marekani mwaka 1961 kwa ajili ya sonona. Huzifanya serotonini na noradrenalini zikae zaidi kati ya neva, na kemikali hizohizo hupunguza ishara za maumivu zinazopita uti wa mgongo. Kwa hiyo yeye humwandikia mwenye maumivu ya neva ya kisukari, mwenye kipandauso kinachorudirudi, na aliyepona mkanda wa jeshi ila ngozi haivumilii hata shati. Kwa maumivu huanza na kipimo kidogo. Sonona hutaka zaidi, na wiki kadhaa za subira.

Anachosisitiza kwa wazee ni safari ya usiku kwenda choo cha nje. Dawa hii hukausha mdomo, hufunga choo, na huleta kizunguzungu mtu akiinuka ghafla. Basi mzee akae kwanza ukingoni mwa kitanda kabla ya kusimama. Mwenye ugonjwa wa moyo aseme mapema. Na vidonge viwekwe mbali na watoto, kwani vikizidi huvuruga mapigo ya moyo na huua.

Siku hizi, chini ya kipimo, tabibu huongeza maneno mawili: "ya miguu." Bibi wa kanga alipoandikiwa hivyo alikubali kuanza. Ni huruma ya kweli, naiona. Ila yule ambaye ugonjwa wake ndio huo wa mawazo, asiyekula, asiyelala, aandikiwe nini? Tabibu humwandikia "ya usingizi." Aliowatamkia sonona waziwazi, baadhi hawakurudi, huyu wa usingizi hurudi kila mwezi.

Na siku mwanawe naye atakapomsomea kwenye simu?