Chumvi ya Ngozi Hurudi Mtoni

Ng'ombe akisha kuchunwa, ngozi hupakwa chumvi isipate kuoza. Ngozi mbichi ya kilo 20 yaweza kutiwa chumvi kilo 8 hivi. Wewe umekwisha kuuza, fedha zimo mfukoni, na habari ya ile chumvi umeisahau. Lakini haikupotea. Kiwandani ngozi huloweshwa kwanza, na chumvi nyingi hutoka humo. Maji hayo yakimwagwa mtoni, mkulima aliye chini huyachota kunyweshea mboga zake. Mboga hunyauka na udongo u maji, majani huungua kingoni, na juu ya ardhi hutokea ukoko mweupe.

Mabwawa ya kuozesha uchafu hayasaidii hapa. Damu na mafuta huliwa na vijidudu, lakini chumvi hailiwi.

Iko njia ya umeme. Chumvi ikiyeyuka majini hugawanyika sehemu mbili, sodiamu na kloridi, na umeme huvuta kila moja upande wake. Zamani nikisomesha, niliwaonyesha watoto kwa betri za tochi na balbu ndogo. Katika maji ya mvua balbu haikuwaka. Nilipotia chumvi nyingi ikawaka kidogo. Mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, chumvi imekuwa waya?" Hakukosea sana.

Ndani ya mtambo mna tando nyembamba za plastiki, zimepangwa kama kurasa za kitabu, na maji hupita katikati. Utando mmoja hupitisha sodiamu na kuzuia kloridi. Unaofuata hufanya kinyume. Basi nafasi moja hubaki na maji matamu, na ya jirani yake hujaa chumvi. Mji wa Buckeye, katika Arizona, Marekani, ulianza mwaka 1962 kusafisha maji yake ya visima hivyo. Wajapani nao hutumia tando hizo kupata chumvi ya kula kutoka baharini.

Lakini msidhani ni kazi nyepesi. Mafuta na nywele huziba tando, kwa hiyo maji husafishwa kwanza. Chumvi ikizidi, gharama ya umeme nayo huzidi. Tena yale maji makali yanayobaki lazima yakaushwe katika bwawa lisilovuja; yakimwagwa mtoni, kazi yote imekuwa bure.

Ngozi iliyowambwa kwenye fremu ya miti, kivulini penye hewa, haihitaji chumvi. Wanunuzi wengine hawaitaki, basi muulize wako kabla ya kuchinja. Kiwandani nako, kuzikung'uta ngozi kabla ya kuzilowesha huondoa sehemu ya chumvi bila umeme wo wote.

Mwenye shamba chini ya kiwanda, akiona ukoko mweupe, achote maji chupa mbili, moja juu ya kiwanda na moja chini, aandike mahali na tarehe, ampe Bwana Shamba yakapimwe. Chupa zisuuzwe vizuri. Tuliwahi kuletewa moja iliyonuka pombe, ikatubidi kumrudisha mwenyewe mtoni.