Kwa Nini Tairi Huisha Upande Mmoja: Uchunguzi katika Barabara ya Kwamkoro

Kwamkoro ni eneo la chai na misitu katika milima ya Usambara Mashariki, mwendo mfupi kutoka Amani, karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari. Gari litokalo Muheza hulifikia kwa kupanda barabara yenye kona nyingi na kali, ambayo kwa miaka mingi sehemu yake kubwa imekuwa ya udongo na changarawe. Mvua ya huko hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka. Magari yapitayo njia hiyo humaliza matairi upesi kuliko yale yaendayo katika tambarare ya pwani. Tena matairi hayo aghalabu hayaishi sawasawa: moja hulika bega la nje, jingine hulika katikati, na jingine huota mabonde mabonde. Dereva huona hasara tu. Mwenye maarifa huona maandishi yanayoeleza ugonjwa wa gari.

Sehemu ya tairi la gari dogo iliyogusana na ardhi kwa wakati wowote ni kama ukubwa wa kiganja cha mtu mzima. Viganja vinne hivyo ndivyo vinavyobeba gari, kulipeleka, kulikatisha kona na kulisimamisha. Gurudumu likibingirika tu, mpira hulika kidogo sana. Kinachoula ni kuteleza, hata kule kuteleza kudogo ambako dereva hakuhisi. Kwa hiyo swali la kwanza la mchunguzi ni hili: je, ni sehemu ipi ya tairi inayoteleza, na kwa nini?

Tuanze na upepo. Tairi lenye upepo haba hulegea katikati, na uzito hubebwa na mabega mawili. Mabega hayo ndiyo yaishayo kwanza. Tairi lililojazwa kupita kiasi huvimba katikati, na hapo ndipo kashata, yaani matuta ya mpira yanayoshika ardhi, huisha mapema. Lakini katika milima hapana budi kuwa na hadhari, kwa kuwa kona kali nazo hula mabega. Gari likatapo kona kwa kasi, uzito huegemea magurudumu ya nje ya kona, na kwa kuwa kona za kushoto na za kulia hupokezana, mabega yote mawili ya matairi ya mbele huumia. Njia ya kutofautisha ni kutazama matairi ya nyuma. Kama nayo yamelika mabega, yamkini upepo ni haba. Kama ni ya mbele peke yake, na geji yaonyesha upepo wa kutosha, basi lawama ni ya mwendo wa dereva.

Wapo madereva wapunguzao upepo kabla ya kupanda, wakidhani kwamba tairi huvimba mlimani. Hesabu hii inafaa kufanywa darasani. Chukua tairi lenye kanieneo ya kilopaskali 200 kwenye geji, mjini Tanga, katika halijoto ya nyuzi 30 za Selsiasi. Geji hupima tofauti tu kati ya hewa ya ndani na ya nje. Kanieneo kamili ya ndani ni 200 kuongeza 101 za angahewa, yaani kilopaskali 301. Tairi likipumzika Kwamkoro katika nyuzi 20, kanieneo ya ndani, ikiwa ujazo haukubadilika, hushuka kwa uwiano wa 293 kwa 303 na kuwa karibu 291. Hewa ya nje nayo imepungua na kuwa karibu kilopaskali 91. Toa, na geji itasoma 200 vile vile! Baridi ya mlima imefuta karibu athari yote ya kimo. Anayepunguza upepo Muheza hufika juu akiwa na tairi legevu, na mabega yake humlipa.

Tairi likiisha upande mmoja tu, upepo hauna hatia. Chanzo ni mkao wa gurudumu. Yawezekana gurudumu limeinama, juu likielekea ndani au nje kupita kipimo, au halielekei mbele sawasawa. Mkono hutofautisha haya mawili. Pitisha kiganja juu ya kashata kutoka nje kwenda ndani, kisha urudishe. Kama ni laini upande mmoja na hukwaruza upande wa pili, kama msumeno, gurudumu halielekei liendako. Kama ni laini pande zote mbili, shuku mwinamo.

Kosa la mwelekeo ni dogo machoni, lakini gharama yake ni kubwa. Gurudumu lililopinda kwa nusu nyuzi tu kutoka mwelekeo wa safari ni kama linaloburutwa kiubavu karibu mita 9 katika kila kilometa. Katika kilometa 1,000 hizo ni kilometa 9 za kuburutwa juu ya changarawe, ambayo ni msasa mtupu. Kupinda huko huletwa na shimo moja lililopigwa kwa nguvu, au na tairodi, bushi na boli jointi zilizolegea. Kumbe kupima mkao wa magurudumu kabla ya kubadili viungo hivyo ni kupoteza fedha: kipimo kitakuwa sahihi karakana na kitaharibika kabla ya kona ya tatu.

Mabonde mabonde yanayozunguka tairi yana maana nyingine. Shokapu iliyochoka haizuii gurudumu kurukaruka, na kila litualo huchukua kipande cha mpira. Gurudumu lisilosawazishwa uzito huleta alama zinazofanana, hasa kwenye lami ambako mwendo ni mkubwa. Bapa moja pekee ni alama ya breki iliyokaza gurudumu likasita kuzunguka huku gari likiendelea kwenda.

Mteremko wenyewe una hukumu yake. Dereva akishika breki, uzito husogea mbele, na matairi ya mbele hufanya kazi kubwa zaidi. Ndiyo sababu ya kubadilishana matairi ya mbele na ya nyuma kila kilometa 8,000 hadi 10,000, na kushuka kwa gia ndogo ili injini isaidie kuzuia gari. Matairi yenye mshale wa mwelekeo hayavushwi kutoka upande mmoja wa gari kwenda wa pili bila kuvuliwa kwenye rimu.

Mpira wenyewe si mgeni Usambara. Wajerumani walipanda mpira wa Ceara katika eneo hili mwanzoni mwa karne ya 20, hadi bei ilipoporomoka mwaka 1913 kwa ushindani wa mashamba ya Asia. Baadaye mpira ulilimwa Kihuhwi, wilayani Muheza, kwa ajili ya kiwanda cha matairi cha General Tyre kilichokuwa Arusha. Kiwanda hicho kiliacha uzalishaji mwishoni mwa miaka ya 2000.

Shule yenye gari, au jirani mwenye gari, inaweza kuanza uchunguzi kwa rula nyembamba: pima kina cha mifereji ya kila tairi mahali patatu, bega la ndani, katikati na bega la nje, andika pamoja na kilometa zilizosomwa kwenye dashibodi, na urudie kila mwezi. Tofauti ya milimita moja au mbili kati ya mabega mawili yatosha kumpeleka mwenye gari kwa fundi. Nchi nyingi haziruhusu kina kiwe chini ya milimita 1.6, lakini kwa udongo mwekundu wa mlimani, wakati wa masika, mifereji hujaa tope muda mrefu kabla ya kufikia kipimo hicho.