Josh Gibson, mdakaji aliyechelewa kuhesabiwa

Ukiangalia besiboli kwa mara ya kwanza utamdharau mdakaji. Amechuchumaa nyuma ya mpigaji, kavaa kinga usoni na kifuani kama mtu anayekwenda kurina asali. Kumbe ndiye anayetazamana na wenzake wote uwanjani, na ndiye anayempa mrushaji ishara za vidole: rusha hivi, rusha vile. Kazi hiyo inamaliza magoti, ndiyo maana wadakaji wengi si wapigaji wa kutisha. Josh Gibson alitisha.

Alizaliwa Georgia mwaka 1911, akachezea Homestead Grays na Pittsburgh Crawfords, timu za ligi za Weusi. Ligi kuu za Marekani zilikuwa zimewafungia mlango watu weusi, tena bila kanuni iliyoandikwa, kwa kuelewana tu wenye timu. Gibson alifariki Januari 1947, ana miaka 35. Aprili hiyohiyo Jackie Robinson akaingia uwanjani na Brooklyn Dodgers. Miezi mitatu tu, jamani! Kaburi lake lilikaa bila jiwe la jina mpaka 1975, wakati Jumba la Mashujaa wa besiboli lilishampokea tangu 1972.

Mimi nasomea ualimu, kwa hiyo kinachonisumbua ni alama zake. Bango lake jumbani humo linasema alipiga karibu mipira 800 ya kutoka nje ya uwanja. Takwimu rasmi hazifiki 200. Hakuna aliyedanganya: timu zile zilizunguka mijini zikicheza mechi za kutafuta riziki, nje ya ligi, na hata za ligi nyingine hazikuandikwa vizuri. Waulize wacheza mchangani wa kwetu magoli yao yako daftari gani. Watafiti wakapekua magazeti ya zamani, mechi moja moja, na Mei 2024 ligi kuu ikaziingiza hesabu hizo kwenye rekodi zake. Wastani wa Gibson ukawa .372, yaani mapigo safi 372 katika kila majaribio 1,000. Ty Cobb, aliyekaa kileleni miaka nenda rudi, ana .367.

Wapo wanaolalamika kwamba Cobb alicheza mechi zaidi ya 3,000, na za Gibson zilizopatikana ni kama 600 tu. Ni kweli. Ila mwanafunzi aliyezuiwa mlangoni mwa chumba cha mtihani huwezi kumlaumu kwa karatasi chache.

Mwaka 1943 madaktari walimkuta na uvimbe kwenye ubongo. Msimu huohuo alipiga .466, na mpaka leo hakuna aliyeifikia.